Mfuko wa Kushoto

Ukimwamkia barabarani aliitikia marahaba, halafu kabla hujampita aliuliza, "Choo unapata vizuri?" Aliuliza mbele ya watu. Alimwuliza muuza mkaa, alimwuliza shehe akitoka msikitini, na siku moja alimwuliza bwana harusi aliyekuwa ndani ya gari lililopambwa maua. Bwana harusi akashusha kioo akajibu, "Napata, Nesi," kwa sababu pale Magomeni ya Kilosa hakuna aliyethubutu kutomjibu.

Sote tulimwita Nesi. Alikuwa amestaafu zamani, lakini jina lilikataa kustaafu. Alikuwa amezalisha wanawake wengi sana hapo Kilosa, na kuwachoma sindano watoto wao, hata nusu ya mtaa alikuwa ameishika mikononi kabla mama zao hawajaishika. Majina aliyasahau. Makalio hakuyasahau. Kuna askari mmoja alikuja kuuliza njia, Nesi akamtazama akipita, akamwambia, "Wewe ndiye uliyenipiga teke la taya." Askari akavua kofia akaomba radhi.

Mimi nilimfahamu kwa sababu cherehani yangu ilikaa barazani kwake miaka mitano. Nilitoka Masanze baada ya kumaliza darasa la saba, nikajifunza kushona kwa shangazi, kisha Nesi akanipa baraza. Mimi ni mtu wa haya. Mteja akisema gauni limebana nalifumua bila kubishana, hata kama aliyenenepa ni yeye. Nesi akiniuliza habari za choo nilitikisa kichwa tu, nikainamia kitambaa. Sikuwahi kumjibu kwa mdomo.

Wazazi wangu ni watu waliohama na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa. Kwetu msichana humwamkia mtu mzima akiwa amepiga magoti, na akimpa kitu humpa kwa mikono miwili. Siku ya kwanza nilipopiga magoti kwenye saruji, Nesi aliniambia, "Inuka. Hayo magoti utayahitaji uzeeni." Kesho yake nikapiga tena. Naye akaniambia tena niinuke. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu ya kila asubuhi.

Alikuwa mtu wa mambo mawili mawili yasiyopatana. Kwanza, aliogopa sindano. Yaani yeye mwenyewe kuchomwa. Siku walipopita vijana wa chanjo nyumba kwa nyumba, alijificha nyuma ya pazia langu la kujaribia nguo akaninong'oneza, "Waambie nimekwenda Ruaha kwenye miwa." Vijana wakafika, wakaniuliza Nesi yuko wapi. Uongo siwezi kuusema, ulimi unakuwa mzito kama umefungwa jiwe. Basi nikanyamaza. Walisubiri, nikanyamaza zaidi. Mwisho mmoja akaona miguu chini ya pazia, wakamchomea hapohapo, na kelele alizopiga zilimwamsha mtoto wa nyumba ya tatu. Baadaye hakunikasirikia. Aliniambia, "Wewe hujui kudanganya. Lakini unajua kunyamaza, na hicho ni kipaji, ila mwenzangu ulipaswa kunyamaza ukiwa umesimama mbele ya miguu yangu."

Jambo la pili, hakupenda kelele. Ng'ambo ya barabara aliishi Mzee wa Maspika. Huyu alikuwa na chumba kizima cha maspika makubwa kama makabati, ya kukodisha kwenye harusi, na kila Ijumaa alasiri aliyajaribu yote kwa pamoja mpaka vikombe vyetu vikacheza kwenye sahani. Nesi alivuka barabara na miwani yake mkononi.

"Punguza. Kuna wagonjwa."

"Wagonjwa wapi, Nesi? Wodi iko kule."

"Mgonjwa ni wewe. Unapata choo?"

"Nesi, nina wateja hapa."

"Hukunijibu."

Na Mzee wa Maspika, mwenye ndevu nyeupe, alipunguza.

Kwa hiyo hakuna aliyeelewa ilikuwaje mwanamke huyuhuyu, wa watu wote wa Magomeni, akaamua kuunganisha amplifaya, mashine ya kukuza sauti.

Ilianza na boksi. Mjukuu wake aliyekuwa akisoma Dar alilileta akiwa likizo, akaliweka juu ya kabati. Akasema, "Bibi, hii ni amplifaya ya kizamani ya kujiunganishia mwenyewe, ya watu wanaoanza. Nitaifanya nikirudi. Usifungue." Akaenda, akapata kazi, likizo iliyofuata hakuja. Sasa mkunga wa miaka yote hiyo unamwambia kuna kitu ndani lakini usifungue! Likizo hiyo ilipopita alivumilia wiki mbili tu. Siku ya kumi na tano niliitwa ndani, nikamkuta amelaza boksi juu ya meza, amevaa glavu, na mkasi mkononi.

Ndani kulikuwa na bati lenye matundu, transfoma mbili nzito kama matofali, waya, misumari midogo, vifuko vya vitu vidogo vidogo kama punje za mtama, na kitabu cha maelezo cha Kiingereza. Chini kabisa, wamefungwa kwenye sponji, walilala valvu watatu. Nasema walilala kwa sababu Nesi alisema hivyo. Valvu ni kioo kama balbu ndogo, ndani ana nyaya na vibati, na ndiye anayeikuza sauti. Nesi alimwinua mmoja kwenye mwanga wa dirisha, akamshika shingo kwa vidole viwili.

"Mtazame," akasema. "Amezaliwa kabla ya siku zake."

Kisha akanieleza kitu ambacho hakuwahi kunieleza. Zamani, kabla mashine hazijafika, watoto njiti waliwalaza kwenye boksi la maziwa lenye pamba, na juu yake wakaning'iniza balbu ya umeme ili wapate joto. Kazi ya nesi wa zamu ilikuwa kuitazama balbu. "Redio za siku hizi ni kama jiwe," akasema. "Huwezi kujua kama iko hai au imekufa. Huyu anawaka. Anapata joto. Akiwa na shida unamwona. Kitu kama hiki ninakiweza."

Nilidhani ataishia kutazama tu. Jumatatu aliagiza pasi ya risasi, ile pasi ndogo ya mafundi redio inayoyeyusha risasi ili ishikamanishe nyaya.

Binti yake ndiye aliyelifanya jambo hili kuwa kubwa. Mama Rehema ana mgahawa Mikumi, pale barabara kuu wanaposimama malori yanayokwenda Iringa. Kila mwezi alikuja Kilosa na maneno yaleyale: Mama umezeeka, Mama uko peke yako, Mama njoo ukae kwangu. Nesi hakuwa anabisha. Alimwuliza habari za choo mpaka mazungumzo yakafa. Lakini mwezi ule Mama Rehema aliingia bila hodi akamkuta mama yake ameinamia meza, moshi wa risasi unampita puani.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nashona."

Akachukua kitabu, akafunua. "Mama, hapa wameandika volti mia tatu."

"Nimesoma."

"Wamechora na fuvu la kichwa!"

"Nimeliona. Fuvu lenyewe halina meno ya chini. Aliyechora hajawahi kumwona maiti."

Mama Rehema akakaa kwenye kigoda akashika kichwa. Mwisho akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Haya. Tuwekeane ahadi. Liunganishe hilo dude. Nikija mwezi ujao likatoa sauti, kaa kwako, sitakusumbua tena kuhusu kuhama. Lakini likikupiga shoti, hata moja, hata ndogo, siku hiyohiyo tunafunga godoro unakuja Mikumi."

"Andika," akasema Nesi.

Wakaandika nyuma ya kadi tupu ya kliniki, wakatia sahihi, na mimi nikaambiwa niandike jina langu kama shahidi. Niliandika polepole, na Mama Rehema aliyesimama juu yangu akasema, "Huyu akimaliza jina lake mimi nimeshafika Mikumi."

Alipoondoka Nesi alikaa kimya, kitu ambacho kwake ni kama mtu mwingine kuzimia. Kisha akasema, "Mikumi nitakuwa bibi wa nani? Hapa nikitoka mlangoni najua tumbo la kila mtu. Kule nitakaa kwenye kiti nitazame malori." Akavaa miwani. "Fundi, nipe risasi."

Alifanya kazi kama alivyofanya wodini. Vipande vyote alivihesabu asubuhi na jioni. Vile vidogo alivipanga kwenye sahani yake ya chuma ya hospitali, ile yenye umbo la figo. Kwenye mguu wa meza alining'iniza karatasi kwa kamba, na kila siku aliijaza kwa kalamu nyekundu. Ninaikumbuka: *Mgonjwa: Amplifaya. Joto: kawaida. Chakula: bado. Choo: hapati.*

Palikuwa na vitu vinaitwa rezista, vyembamba kama njiti ya kiberiti, vina mistari ya rangi, na rangi ndizo zinazosema kila kimoja kiende wapi. Macho ya Nesi hayakuweza tena kutenga nyekundu na kahawia. Hapo ndipo nilipoitwa. Nilileta boksi langu la nyuzi, nikaweka kila rezista kando ya uzi wake: kahawia, nyekundu, chungwa, zambarau. Sikukosea hata kimoja. Nesi akaita watu waliokuwa wanapita waje waone, nikakimbilia chooni nikajifungia.

Sasa mfuko. Kitabu kilisema ukiwasha umeme ukataka kupima, pima kwa mkono mmoja na mwingine uutie mfukoni. Sababu yake ni kwamba ukigusa kwa mikono miwili, umeme unaingia mkono huu unatokea mkono ule, na njiani unapitia kwenye moyo. Nesi alisoma mara mbili, akatazama dera lake, akalipapasa kiunoni, upande huu, upande ule.

"Mfuko upi?" akasema. "Hawa watu walidhani atakayesoma ni mwanamume."

Basi nikamshonea mfuko. Mmoja, wa kushoto, mrefu hadi kwenye kiwiko. Alipokwenda nao sokoni wanawake wakamzunguka. Yule ni Nesi, wakasema, lazima una faida ya kiafya. Ndani ya wiki mbili nilikuwa nimeshona madera tisa yenye mfuko wa kushoto. Walipouliza ni wa nini, mimi nilitabasamu, na hiyo wakaichukua kuwa ni siri kubwa zaidi.

Shoti ya kwanza niliipata mimi. Nesi alikuwa amezima, amechomoa waya ukutani, akaniambia nimpe lile bati. Kwa heshima zangu zote nikapiga magoti, nikalishika kwa mikono miwili. Kumbe ndani kuna vipipa vidogo vinaitwa kapasita, navyo huendelea kushika umeme hata baada ya kuchomoa. Niling'atwa. Nilijikuta nimekaa ndani ya beseni la nguo. Nesi akanishika mapigo ya mkono, akatazama saa yake iliyobandikwa kifuani, akahesabu, akasema, "Uko hai." Halafu akaichukua ile kadi akaisoma upya kwa makini. "Imeandikwa likimpiga Mama. Haijataja fundi cherehani."

Siku ile alitangaza sheria. Alibandika karatasi mlangoni: *SHIKAMOO NJE. HUMU NDANI MKONO MMOJA. HESHIMA INAUA.* Kila mara baada ya kuchomoa waya ilibidi tukae tukitazama saa dakika tano, vipipa vitoke umeme, ndipo tuguse. Nami nikafundishwa kumpa mtu mzima kitu kwa mkono wa kulia peke yake, nimesimama, mkono wa kushoto mfukoni kama tapeli wa stendi. Ilinichukua siku nyingi. Nesi alinipigia kelele, "Mkono! Mkono!" hadi wapita njia wakadhani ninaiba.

Kwa bahati mbaya mama yangu alikuja kutoka Masanze na maziwa ya mgando. Alisimama dirishani, akaniona nikimpa Nesi koleo kwa mkono mmoja, nimesimama, bila kumtazama. Alinivuta nje kwa sikio.

"Ndiyo mambo ya mjini hayo? Kumrushia bibi wa watu chuma kama unamrushia mbwa mfupa?"

"Mama, ni umeme."

"Umeme umekuvunja magoti?"

Nesi akatoka akamweleza kwa utaratibu habari za moyo na njia ya umeme. Mama alisikiliza, akaitikia, mwisho akasema, "Nimeelewa, Nesi. Lakini angeweza angalau kusikitika usoni." Nesi akamwuliza kama choo anapata vizuri. Mama akashtuka akasahau hasira yake.

Mwezi ukaisha. Mama Rehema akafika Jumamosi mchana, na Mzee wa Maspika akaja pia na spika yake ndogo kuliko zote, kwa sababu Nesi hakuwa na spika. Mzee alikuwa amesikia amplifaya yenyewe ina wati tatu. "Wati tatu hata inzi hamfukuzi," alisema. "Nimeleta hii ndogo isijisikie vibaya." Wakakaa kitandani. Amplifaya ilikuwa mezani, imelazwa ubavu, tumbo wazi. Nilimwomba Nesi kwa macho afunge kibati cha chini, akakataa. "Sifungi mshono kabla sijajua hakuna kilichobaki ndani."

Jana yake nilikuwa nimeongeza kitu kwenye ule mfuko. Niliuona mkono wake wa kushoto unavyotangatanga akichangamka, basi nikashona kifungo cheusi cha koti kwenye mdomo wa mfuko, kiubane mfuko kwenye kiwiko. Alicheka lakini aliniacha nikifunge.

Akawasha. Valvu wakaanza kuwaka taratibu, wekundu kwanza, kisha rangi ya chungwa. Tukasubiri. Kimya. Aliunganisha simu yake. Kimya.

"Mama," akasema Mama Rehema kwa upole, na upole wake ulitisha kuliko ukali. "Halina sauti."

"Poleni na msiba," akasema Mzee wa Maspika.

Nesi akaitazama saa ya kifuani. "Nyamazeni. Sijawahi kutangaza kifo kabla ya dakika moja, na sitaanza leo."

Nilihesabu naye moyoni. Kwenye hamsini spika ikatoa mngurumo mdogo, kama paka aliyelala. Nesi akabonyeza simu. Sisi tulitarajia taarabu, au kaswida. Lakini alichokuwa ameweka ni sauti aliyotumiwa na Mama Rehema mwenyewe wiki iliyopita, siku mjukuu wake Rehema alipojifungua: kilio cha kwanza cha kitukuu wake. Mtoto akalia mle chumbani. Sijui nielezeje. Haikuwa kubwa, lakini ilikuwa ya mtu, ina mate, ina pumzi, na katikati akakwama kidogo kama anayeshangaa, kisha akaendelea.

Na mikono ya Nesi ikaenda. Yote miwili. Ile mikono kwa miaka yote ilikuwa ikisikia sauti hiyo inapokea, na haikumwuliza mwenyewe. Kifungo kiliruka kama risasi ya manati kikampiga Mzee wa Maspika kwenye paji la uso, na mkono wa kushoto ukatoka mfukoni ukaenda kuishika amplifaya chini ya shingo, mahali unaposhika mtoto, pale tumbo lilipokuwa wazi.

"Ss!" akasema Nesi, kama mtu aliyeonja chai ya moto. Akaruka nyuma, kidole mdomoni.

Niliona mimi peke yangu. Mama Rehema alikuwa anaitazama spika, machozi yanamtoka. Mzee wa Maspika alikuwa ameshika paji akisema, "Nani kanirushia jiwe?" Na mlangoni wanawake watatu walikuwa wameshajaa, mmoja ana beseni la maji ya moto. "Nani kajifungua? Mbona hatukuambiwa?"

Lakini Mama Rehema ni mtoto wa mama yake. Aligeuka.

"Mama, mbona uliruka?"

"Furaha."

"Na kidole mdomoni?"

"Furaha kubwa."

Akanitazama mimi. "Fundi. Wewe ulikuwa karibu, na wewe ni shahidi. Mama amepigwa shoti?"

Chumba chote kikanigeukia, pamoja na beseni la maji ya moto. Nesi hakunitazama. Alikuwa anatazama nyumba yake: dirisha, kabati, ile karatasi kwenye mguu wa meza. Ningesema ndiyo, godoro lingefungwa jioni ile. Ningesema hapana, lakini hiyo hapana haikuwapo kwenye kinywa changu, niliitafuta. Basi nikapiga magoti, nikaingia chini ya meza.

"Unafanya nini?"

"Kifungo," nikasema. "Kimedondoka. Nakitafuta."

"Acha kifungo, nijibu."

"Bado sijakiona."

Na kweli sikukiona. Nilipapasa sakafu yote, chini ya kitanda, katikati ya miguu ya watu, na sijawahi kutafuta kitu kwa bidii namna ile. Juu yangu mtoto alilia tena, wanawake wakaanza vigelegele bila kujua wanampigia nani, yule wa beseni akamkumbatia Mama Rehema akampa hongera ya mjukuu, na swali likapotelea humo. Nilipotoka chini ya meza magoti yakiwa meupe kwa vumbi, Mama Rehema alikuwa anajifuta macho. "Haya, Mama," akasema. "Limetoa sauti. Kaa kwako."

Nesi na mimi hatukulizungumza jambo lile. Kesho yake nilimshonea kifungo kingine, cha kahawia. Jioni aliwasha redio kwa sauti ndogo kupitia wale valvu, akakaa karibu nao kama anayeota moto, na Mzee wa Maspika akawa anavuka barabara kuja kusikiliza taarifa ya habari kwa Nesi, akidai anakuja kudai spika yake.

Baada ya mwaka na nusu Nesi alihama. Nilifika asubuhi nikakuta godoro limefungwa. Aliniachia ufunguo wa chumba cha mbele, akaniambia baraza ni langu, akadandia gari na amplifaya mapajani. Hakunieleza kwa nini, nami, kwa jinsi nilivyo, sikuuliza.

Mwaka jana wanawake wa Mikumi waliagiza madera ya mfuko wa kushoto, nikapanda basi la asubuhi kuyapeleka. Nilisikia mgahawa wa Mama Rehema kabla sijauona, ile sauti yenye pumzi. Amplifaya ilikuwa kwenye rafu juu ya kaunta, sasa imefungwa kibati chake, na chini yake ile karatasi ya HESHIMA INAUA, ambayo wateja wageni walidhani inahusu madeni ya soda. Nesi alikaa kwenye kiti katikati ya meza za madereva wa malori. Mguu mmoja ulikuwa juu ya kigoda, mwembamba kuliko nilivyoukumbuka.

Nilipiga magoti. "Shikamoo, Nesi."

"Marahaba. Inuka." Akanivuta sikio chini. "Fundi, sikujua. Miaka yote nilikaa Kilosa nikihangaika na watu wazima wa afya. Kumbe wenye matatizo ni hawa. Wanakaa siku nzima, hawanywi maji. Yule wa shati la bluu ana siku nne!" Yule wa shati la bluu akainamia sahani yake ya mapapai. Kila meza ilikuwa na sahani ya mapapai.

Baadaye akaniambia, bila kuulizwa, alivyohama. Alianguka bafuni, akakaa pale chini muda mrefu. "Nilikuwa naisikia cherehani yako barazani. Nikaona haya kukuita. Mimi! Nikaona haya. Nikasema basi, sasa nimekuwa kama Fundi, wakati umefika." Jioni ile alimpigia simu binti yake: nilipigwa shoti, mkataba ni mkataba, njoo unichukue. Mama Rehema akauliza lini. Akamwambia, siku ile ya mtoto. "Nilitaka niseme siku ninayotaka mimi. Siyo siku anayotaka yeye."

Akafungua fundo kwenye pembe ya kanga yake. Ndani kulikuwa na kifungo cheusi cha koti.

"Nilikikanyaga," akasema. "Ulipapasa mpaka ukagusa kidole changu gumba. Ungekiona ungeinuka. Ungeinuka ungeulizwa tena. Nikasema, acha mtoto wa watu aendelee kutafuta."

Akakinyanyua kwa mikono miwili, kile kifungo kidogo, kama anavyokabidhiwa mama mtoto wake. Nikapiga magoti nikanyoosha mkono.

Nesi hakunipa. "Mkono mwingine uko wapi?"

Nikatazama. Ulikuwa mfukoni. Ulikuwa umekwenda wenyewe.

"Nani amekufundisha kupokea kitu cha mtu mzima kwa mkono mmoja?"

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni, nikautoa, nikapokea kwa mikono miwili. Alinishikilia vidole kidogo, akanitazama juu ya miwani.

"Na choo, Fundi? Unapata vizuri?"

Mgahawa wote ulikuwa unasikiliza, hadi yule wa siku nne. Nikajibu kwa mdomo, kwa sauti iliyoipita ya redio.

"Napata, Nesi."